Naomba ushauri: nataka CNC karakanani, mafundi wamenuna

Fundi Mkongo
Wakuu, salaam. Nina karakana ya fenicha Keko, Dar: vitanda na milango ya mninga na mkongo. Nakshi wanachonga mafundi wanne kwa mkono, nawalipa kwa kipande. Nataka kukopa ninunue CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, kwa sababu wateja wanaleta picha kwenye simu na wanataka nakshi zifanane pande zote. Mafundi wamesikia, wamenuna. Hawa ndio waliolijenga jina la karakana, sitaki kuwapoteza. Nifanyeje?

Msasa
Mkuu, angalia kwanza kazi inakwama wapi. CNC itachonga haraka, kisha milango irundikane kwenye msasa na vanishi. Kwa sasa peleka mbao kwa wenye mashine wakuchongee kwa malipo, uone kama oda zinaongezeka kweli. Mashine ikikosa kazi, marejesho ya mkopo hayasubiri.

Mama Samani
Na umeme? Mashine kubwa zinataka fezi tatu. Tenga pia hela ya bisi, vile vyuma vya kuchongea vya mashine, mkongo ni mgumu, unazimaliza. Mbao zikauke vizuri. Fundi akishika ubao mbichi anajua, mashine haijui.

Mlalahoi Msomi
Suala la mafundi ndilo zito. Sialkot, Pakistan, kunakotengenezwa mipira ya miguu, watafiti waliwapa wenye viwanda kikatio kipya kinachopunguza malighafi inayotupwa. Wengi hawakukitumia. Wakataji walilipwa kwa kipande, na kikatio kiliwachelewesha mwanzoni, huku faida ikienda kwa tajiri. Watafiti walipoahidi mkataji mmoja na mchapaji mmoja wa kila kiwanda malipo ya kama mshahara wa mwezi wakionyesha wanakimudu, viwanda vingi zaidi vikakipokea. Utafiti ulichapishwa 2017.

Fundi wa kipande hawezi kuipenda mashine inayomla kipande chake. Walipe kwa siku kipindi cha kujifunza, na muwekeane kiwango kipya kabla mashine haijafika. Waambie wazi, wakae wakijua.

Fundi Mkongo
Nimekuelewa, ndugu yangu. Mtu wa kuchora nakshi kwenye kompyuta nimtafute nje ya karakana?

Mama Samani
Hapana baba. Msomeshe mmoja wa hao wanne, hata chuo cha ufundi cha VETA. Kuchora kunafundishika. Kujua nakshi iingie kina gani bila ubao kupasuka, hilo tayari analo.