Prosesa ipi ya bei nafuu kwa kompyuta ya gemu? Niko Malindi, bajeti 60,000

BarobaroMaweni
Salaam wadau. Nataka kuunda kompyuta ya gemu, bajeti 60,000 bila skrini, kibodi wala mausi. Skrini ni 1080p ya 75 Hz. Gemu ni Valorant, eFootball, GTA V, na ikiwezekana Cyberpunk 2077 hata kwa michoro ya chini. Nimetajiwa njia tatu, na kila muuzaji anavutia kwake: Ryzen 5 5600G bila kadi ya michoro, kadi niongeze baadaye, Core i3-12100F pamoja na kadi ya mtumba, au seti ya Xeon E5-2680 v4 kutoka Uchina, kori 14, inakuja na bodi na RAM zake. Hii ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote. Chumba hakina AC, na mambo ya umeme mnayajua. Nielekee wapi?

FundiMkomani
Xeon iache ilipo. Kori 14 zinapendeza kwenye tangazo, ila mwendo wake wa kawaida ni 2.4 GHz na ikijikaza inafika 3.3. Ni prosesa ya seva ya 2016. Valorant inataka kori chache zenye kasi, si utitiri wa kori za polepole. i3-12100F ina nne tu lakini inafika 4.3 GHz, na kila mzunguko wake unafanya kazi kubwa zaidi. Tena Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, yaani kinga za usalama za ndani ya kompyuta, na Xeon hiyo haimo kwenye orodha ya prosesa ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11. Windows 10 nayo iliachwa Oktoba 2025. Halafu haina michoro ya ndani: hiyo "seti kamili" bila kadi haikupi hata picha.

KusiKaskazi
Naunga mkono. Sasa kabla hujachagua kati ya mbili zilizobaki, sema kwanza: kadi utanunua lini?

Ukicheza mwaka mzima bila kadi, 5600G haina mpinzani kwa bajeti hiyo. Lakini hapo usinunue RAM moja ya GB 16. Nunua mbili za GB 8, DDR4-3200. Michoro ya ndani haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM ya kompyuta. RAM moja ya 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, mbili zinapitisha 51.2. Tofauti hiyo utaiona kwa macho kwenye GTA. Bodi ikiwa na nafasi nne, zichomeke ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia BIOS (mipangilio ya bodi) uwashe XMP, kasi kamili ya RAM, maana usipowasha zitabaki 2133 au 2400 na utalaumu prosesa bure. Cyberpunk kwa michoro ya ndani ni 720p na uvumilivu.

Kadi ikiwa ya karibuni, 5600G inaanza kukudai. Keshi yake ya L3, kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa, ni MB 16, na njia ya kuunganisha kadi ni PCIe 3.0. Ryzen 5 5600 isiyo na G ina MB 32 na PCIe 4.0. Kwa kadi ya RX 6600 hasara ya PCIe 3.0 ni ndogo. Kwa RX 6500 XT ni balaa: kadi hiyo inatumia njia nne tu za PCIe na ina GB 4, ikijaa inaanza kuvuta vitu kutoka RAM kupitia mlango mwembamba, na gemu inakwamakwama.

BarobaroMaweni
Shukran kaka. Kadi ni baada ya miezi mitatu hivi, inshallah. Kuna mtu ananiuzia Ryzen 5 5500, anasema ni 5600 ile ile ila jina.

KusiKaskazi
Si ile ile. 5500 ni 5600G iliyozimwa michoro: keshi MB 16, PCIe 3.0, na picha haitoi. Si mbaya ikiwa bei iko chini kweli, ila usilipe bei ya 5600. Akikuletea 4500, hiyo mrudishie, ni kizazi cha nyuma na keshi yake ni MB 8.

Na kwa miezi mitatu, ningekuwa wewe nisingenunua prosesa sasa. 5600 au i3-12100F bila kadi haiwashi picha, na herufi F maana yake ni hiyo hiyo: hakuna michoro ndani. Utakaa na boksi huku siku za kurudisha dukani zinakwisha hujajaribu kitu. Weka pesa, nunua vyote pamoja, karibu nusu ya bajeti iende kwenye kadi.

BintiLangoni
Hapo natofautiana kidogo na kaka. Kama anaitaka kompyuta kwa kazi pia, 5600G leo na RX 6600 baadaye si kosa. Kwa skrini ya 75 Hz hizo fremu anazopoteza hatazijua.

Kuhusu i3: kwa Valorant na eFootball imetosha, mia fil mia. Cyberpunk kwenye masoko yenye watu wengi ndiko kori nne zinakoelemewa. Wastani wa fremu utaonekana mzuri, lakini picha itakuwa inaruka. Tofauti ya bei na i5-12400F ikiwa ndogo, chukua i5, kori 6 na nyuzi 12 za kazi. Usipoiweza, i3 na bodi ya H610, na baadaye unachomoa i3 unaweka i5 kwenye bodi ile ile. Angalia tu H610 inayotumia DDR4. Ziko za DDR5, na RAM za DDR4 hazichomeki hapo kwa vyovyote.

Ukienda AM4, soketi ya hizi Ryzen, na bodi ya mtumba, B450 au A320, uliza toleo la BIOS. BIOS ya zamani haitambui Ryzen 5000: feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi, na watu wanarudisha prosesa nzima wakidhani imekufa. Muuzaji aisasishe mbele yako. Sisi huku Lamu kitu kikirudi ni boti mpaka Mokowe kisha basi, kwa hiyo hili halina mzaha.

JotoLaGede
Joto nalo. Chumba kikiwa nyuzi 32 badala ya 22, prosesa nayo inapanda takriban kumi zile zile. 5600 inajipunguza kasi ikifika 90. Feni inayokuja nayo inatosha, mradi kasha liwe na feni moja mbele ya kuvuta na moja nyuma ya kutoa. Lile lenye kioo kitupu mbele lisilo na matundu liache dukani.

Usiweke kompyuta ikielekea dirisha la baharini. Chumvi inashika kwenye meno ya shaba ya RAM na kadi, siku moja haiwaki. Chomoa RAM, sugua meno taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, acha ikauke.

Umeme: 5600 inakula hadi wati 76, RX 6600 wati 132, vingine vyote tuseme 60. Pawa saplai ya wati 500 yenye alama ya 80 Plus Bronze imetosha. Kwa UPS soma wati, si VA. Ya 650VA nyingi zinabeba wati 360 tu, na ukichomeka skrini nayo huku gemu imepamba moto inakuwa imebanwa.

BarobaroMaweni
Nimeelewa. Basi nasubiri, nichukue 5600 na RX 6600 kwa pamoja. Ikiwa prosesa ni ya mtumba nikague nini?

FundiMkomani
AM4 pini ziko chini ya prosesa yenyewe. Ishike pembeni, mulika kwa tochi ya simu, tazama safu kwa safu kutoka pande mbili. Pini iliyolala inainuliwa kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza, mara moja, polepole. Iliyovunjika usinunue.

Kisha iwashwe. Programu ya CPU-Z isome "Ryzen 5 5600" na L3 MB 32, maana maandishi ya juu yanafutika na kuandikwa upya. Endesha Cinebench, ya kuikaza prosesa, dakika kumi na HWiNFO, ya vipimo, ikiwa wazi, utazame joto na kasi. Wakiitoa feni, waipashe moto kwanza kwa kuitumia, halafu waizungushe kushoto kulia kabla ya kuinua. Wakiivuta moja kwa moja, pesti ya kupitisha joto iliyokauka inang'oa prosesa kwenye soketi na pini zinapinda mbele ya macho yako. Na kwenye basi la kurudi kutoka Mombasa, kadi isisafiri ikiwa imechomekwa kwenye bodi.