Waya wa amplifaya unapata moto lakini fyuzi haikati

BesiButini
Wakuu, gari ni Probox. Amplifaya ni daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi), chaneli moja, wati 800 RMS (nguvu ya kudumu) kwa omu 2, yenyewe ina fyuzi mbili za ampea 40. Sabufa ni mbili, kila moja ina koili mbili za omu 4. Waya ni wa ile seti ya bei chee iliyoandikwa geji 8 (unene wa waya, namba ndogo ndiyo nene), mita 5 toka betri mpaka buti, na fyuzi ya ampea 100 karibu na betri. Nikifungulia sauti robo saa hivi, waya hauguswi, na kikasha cha fyuzi kimeanza kulainika upande mmoja. Mbona fyuzi haikati? Niweke ya 60?

FundiNyaya
Chomoa hiyo fyuzi sasa hivi, usipige muziki mpaka urekebishe.

Fyuzi inaangalia ampea zinazopita ndani yake. Skrubu iliyolegea haiongezi ampea, inageuza zile zile kuwa joto pale ilipo, ndiyo maana plastiki inayeyuka na fyuzi iko nzima. Halafu 100 kwa geji 8 ni kubwa mno: waya utaungua kabla yake. Ukiweka 60 inaweza kukatika besi ikipiga kwa nguvu, na ugonjwa unabaki.

Tafuta joto linatoka wapi. Mita ya umeme iwe kwenye volti za DC, rudisha fyuzi kwa muda wa kupima tu, piga mlio wa hezi 50 kwa sekunde chache. Ncha moja terminali chanya ya betri, nyingine chanya ya amplifaya. Isizidi volti 0.5. Ikizidi, pima kipande kwa kipande: kabla na baada ya kikasha cha fyuzi, kisha waya wenyewe. Ukisoma 0.6 kwenye kikasha wakati zinapita ampea 60, hizo ni wati 36 zinaishia ndani ya kiplastiki kidogo. Malizia na hasi ya amplifaya hadi hasi ya betri. Ethi, yaani huo upande wa hasi unaopitia bodi ya gari, ndiyo wengi wanaisahau.

Moto ukiwa sehemu moja, ni kiungo. Ukiwa waya mzima, ni wembamba.

Ampea_Safi
Hapa naona yote mawili. Wati 800 kwa daraja D, ukihesabu na upotevu wa ndani ya amplifaya, ni takribani ampea 77 kwa volti 13.8. Geji 8 ya shaba tupu, mita 5, ina kama omu 0.010, kwa hiyo inapoteza volti 0.8 hivi. Za bei chee mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, upotevu unapanda kama mara moja na nusu. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ukiona rangi ya fedha ndani, ni alumini.

Weka geji 4 ya shaba tupu, chanya na ethi zote, fyuzi ya 80, isizidi sentimita 45 toka betri. Ethi ifungwe kwenye bodi, rangi ikwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae, usitumie bolti ya mkanda wa kiti. Ncha za waya zibanwe na terminali za kubana. Usizipake risasi ya kulehemu kabla ya kufunga skrubu, risasi hujibonyeza polepole na kiungo kinalegea tena.

FundiNyaya
Swali moja: hizo koili nne umeziunganishaje?

BesiButini
Zote sambamba mkuu, chanya na chanya, hasi na hasi. Nimekwaruza, ndani ni nyeupe.

FundiNyaya
Basi amplifaya inaona omu 1 wakati yenyewe mwisho wake wa chini ni 2. Hapo inavuta umeme kuliko hata hesabu ya juu, na geji 4 peke yake haitaiokoa.

Kwa sabufa hizo ukitumia koili zote nne kwa usawa huwezi kupata omu 2, ni 1, 4 au 16. Unganisha koili mbili za kila sabufa kwa mfululizo (hasi ya moja kwenye chanya ya nyingine), upate 8, kisha sabufa mbili sambamba, upate 4. Wati zitashuka karibu nusu, lakini kwa buti la Probox bado ni kelele ya kutosha. Kabla hujarudisha kwenye amplifaya, pima nyaya za spika zinazotoka kwenye boksi: mita ikisoma kama 3.2 hadi 3.6 umepatia, ikisoma chini ya 1 bado ziko sambamba.