Kung'oa Nanga Kabla Gundi Haijakauka: Malalamiko kwa Wenye Vyombo na Mafundi wa Boti

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kuna desturi iliyokita mizizi miongoni mwa wenye vyombo na karakana za boti, nayo ni ya kukamilisha matengenezo makubwa jioni na kung'oa nanga alfajiri inayofuata, kwa safari ya majuma kadhaa katika bahari kuu, bila chombo kupelekwa nje ya bandari hata kwa saa chache ili kazi iliyofanyika ijaribiwe. Mabaharia ndio wanaolipia desturi hiyo. Mwenye chombo hubaki nchi kavu na tarehe yake aliyoitangaza, fundi hubaki na malipo yake, na wale walio ndani ya chombo hugeuzwa wakaguzi wa kazi ambayo ilipaswa kukaguliwa mahali ambapo msaada upo karibu.

Nilikuwa msaidizi wa nahodha katika chombo cha tanga chenye injini kilichotendewa hivyo. Sitaitaja karakana wala mwenye chombo, kwa kuwa nia yangu ni kuishambulia tabia ambayo wengi wenu mnaijua. Kazi zilizoagizwa zilikuwa nzito: mfumo wa usukani unaosukumwa kwa mafuta ya haidroli ulifunguliwa wote, tangi la dizeli likafunguliwa na kusafishwa, vali mbili zilizo chini ya mstari wa maji zikabadilishwa, na redio mpya ikafungwa pamoja na spika yake. Karakana iliahidi kumaliza mapema, ikasogeza siku, ikasogeza tena, na hatimaye ikatukabidhi chombo usiku wa kuamkia safari, mafundi wakiwa bado wanakusanya vifaa vyao kwenye sitaha. Hatukupewa orodha ya maandishi ya kilichofunguliwa na kilichofungwa. Nahodha alipoomba siku mbili za majaribio, alijibiwa kwa simu kwamba hali ya hewa ni nzuri, kila kitu kimeshaonekana kinafanya kazi gatini, na kwamba kuchelewa zaidi ni hasara.

Maneno hayo, kwamba kila kitu kimeshaonekana kinafanya kazi gatini, ndiyo yanayonikera kuliko yote, kwa sababu huifanya hatari ionekane kama uhakika. Chombo kilichofungwa gatini hakijaribu chochote kati ya vitu vinavyovunjika baharini. Injini ikiwashwa pale huunguruma bila mzigo, na joto lake halifiki pale litakapofika baada ya saa sita za kusukuma chombo dhidi ya mawimbi. Dizeli ndani ya tangi hutulia, kwa hiyo mashapo na maji yaliyobaki chini hukaa chini, mpaka chombo kianze kuyumba na kuyakoroga yote kuelekea kwenye chujio. Usukani ukizungushwa gatini haukutani na nguvu ya maji yanayopita kwa kasi, na kiungio cha bomba ambacho hakikukazwa vizuri huweza kubaki kikavu pale kwa wiki nzima, kisha kikaanza kuvuja usiku wa kwanza wa bahari mbaya. Hata bodi yenyewe, yaani mwili wa chombo, hubadilika umbo kidogo chombo kinapotoka juu ya magogo ya chelezo na kuelea, na ndiyo maana ulinganifu wa injini na shafti inayozungusha rafadha hupimwa upya chombo kikiwa majini. Fundi anayejua kazi yake anayajua haya yote. Akikwambia kwamba gatini panatosha, ama hajui, ama ana haraka ya kuondoka.

Tena kuna vitu ambavyo muda wenyewe ni sehemu ya matengenezo, na hakuna bidii ya fundi inayoweza kuuziba pengo la siku zilizokosekana. Gundi ya epoksi huonekana ngumu baada ya saa chache, lakini katika joto la kawaida huhitaji siku kadhaa kufikia nguvu yake kamili, na katika baridi huchelewa zaidi. Mbao mpya za chombo kilichokalafatiwa, yaani kilichozibwa mianya ya mbao zake, huhitaji kukaa majini zivimbe ndipo maungio yabane. Kamba mpya za waya zinazoshikilia mlingoti hurefuka kidogo zikishapokea mzigo wa tanga, kwa hiyo lazima zikazwe upya baada ya safari fupi ya kwanza. Anayepanga kazi hizi bila kuhesabu siku za kusubiri hajapanga kazi. Amepanga tarehe tu.

Sasa tuliyokutana nayo. Usiku wa pili nje ya bandari usukani ulianza kuwa mlaini mikononi, kisha ukawa hauitikii mpaka uzungushwe sana, na tulipofungua mlango wa nyuma tukakuta mafuta yakichuruzika kutoka kwenye kiungio ambacho kilikuwa kimekazwa kwa mkono tu. Baharia mwenzangu alilala kifudifudi katika nafasi isiyotosha mtu, chombo kikiyumba, akikaza nati kwa spana isiyolingana nayo, kwa sababu spana inayolingana ilikuwa imeondoka pamoja na mafundi. Kana ya dharura, yaani mkono wa kugeuza usukani moja kwa moja mfumo ukishindwa, ilikuwapo, lakini haikuingia mahali pake mpaka tulipoikata kwa msumeno, kwani hakuna aliyeijaribu baada ya mfumo kuunganishwa upya. Kabla hatujapumzika, injini ikaanza kukohoa. Chujio la dizeli lilikuwa limejaa matope meusi, ushahidi kwamba tangi lilisafishwa pale mkono ulipofika na kuachwa pale usipofika, na machujio ya akiba yalikuwa machache mno kwa safari ndefu, kwa sababu upakiaji wa vipuri nao ulifanywa katika ule usiku mmoja wa vurugu.

Jambo la tatu lilikuwa la kimya, na kwangu ndilo lililokuwa baya zaidi. Spika ya redio mpya ilifungwa karibu na dira. Ndani ya spika mna sumaku, na sumaku karibu na dira huivuta sindano kwa kiasi kinachobadilika kadiri chombo kinavyogeuka. Hapakuwa na kengele wala moshi wa kututahadharisha. Tuligundua tu kwamba mwelekeo tunaoushika haulingani na njia tunayopita, na kwa muda tuliudhania mkondo wa bahari. Kila kifaa kipya chenye chuma, sumaku au waya wenye umeme mwingi kikifungwa jirani na dira, upotovu wa dira hupaswa kupimwa upya kwa kukigeuza chombo katika pande zote. Kazi hiyo huchukua sehemu ndogo tu ya siku, na sisi tuliinyimwa. Mtu mmoja katika zamu ya usiku, karibu na miamba, angeweza kuuamini mwelekeo huo wa dira na kutupeleka juu ya miamba hiyo. Nahodha alikigeuza chombo na kurudi, na kwa uamuzi huo alilaumiwa na mwenye chombo kwa maneno ambayo sitayarudia hapa.

Nimeambiwa kwamba ninakuza mambo, kwamba bahari siku zote ilikuwa hivi na watu walifika. Hao wanaosema hivyo wangesoma kilichowapata wasafiri wa Mayflower na Speedwell, meli mbili zilizokuwa zikiwapeleka walowezi wa Kiingereza Amerika, mwaka 1620. Speedwell ilitengenezwa Uholanzi na kupewa milingoti mipya, ikaanza kuvuja kabla safari kuu haijaanza, ikatengenezwa Southampton, ikaondoka Agosti ikavuja tena, ikaingia Dartmouth na kukaguliwa kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Mafundi wa pale waliziba walichokiona na kuridhika kwamba sasa inafaa na safari inaweza kuendelea bila hofu. Ilipofika mbali katika Atlantiki maji yakaingia kwa wingi kiasi kwamba pampu zilikaribia kushindwa, vyombo vyote viwili vikarudi Plymouth, na Speedwell ikaachwa. Mayflower iliondoka peke yake Septemba ikiwa na abiria 102, majira mazuri yakiwa yamepita, ikafika Novemba kuukabili msimu wa baridi ambao takriban nusu ya watu hao hawakuumaliza. Wasafiri wenyewe waliandika baadaye kwamba milingoti ile ilikuwa mikubwa mno kwa chombo kile, na kwamba kiliporudishwa katika hali yake ya zamani kilifanya safari nyingi. Kama ndivyo, basi ubovu haukuweza kuonekana bandarini hata kidogo, kwa sababu ni tanga lililojaa upepo ndilo lililokuwa likipanua maungio ya mbao. Mafundi wa Dartmouth waliziba matundu; hawakujaribu chombo chini ya tanga.

Na wanaodhani kwamba hayo ni ya kale wamkumbuke Donald Crowhurst, baharia Mwingereza aliyeondoka Teignmouth, Uingereza, tarehe 31 Oktoba 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa na kanuni za mashindano ya kuzunguka dunia peke yake. Chombo chake hakikuwa kimekamilika, na vipuri alivyovihitaji vilibaki nchi kavu katika msukosuko wa kuondoka. Mwezi Julai 1969 chombo kilikutwa kikielea bila mtu. Mambo mengi yalimlemea mtu yule, na simhukumu. Ninasema tu kwamba tarehe iliyomtoa bandarini haikuwa tarehe ya chombo wala ya bahari.

Kuhusu sheria, mtu asije hapa kuniambia kwamba ninadai anasa. Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974, katika sura yake ya tano, unataka mfumo wa usukani wa meli ukaguliwe na kujaribiwa na mabaharia ndani ya saa 12 kabla ya kuondoka, na sura hiyo hiyo inamkataza mwenye meli, au mtu mwingine yeyote, kumzuia nahodha kuchukua uamuzi anaouona kitaalamu kuwa wa lazima kwa usalama wa maisha. Najua kwamba baadhi ya masharti ya mkataba huo hayavibani vyombo vidogo. Lakini ikiwa meli yenye wahandisi wake ndani haiaminiwi kuondoka bila kujaribu usukani ambao haujafunguliwa, kwa hoja gani chombo kidogo kilichofunguliwa usukani jana kiaminiwe?

Utetezi wa wenye vyombo ninaujua wote. Wanasema majira yanapita, na ni kweli kwamba upepo hauna subira; lakini majira hayo yalijulikana mwaka mzima, na karakana ilipewa kazi kwa kuchelewa na mtu yule yule anayelalamika sasa kwamba muda umekwisha. Wanasema gharama za gati ni kubwa, kana kwamba kuvutwa kutoka bahari kuu ni bure. Wengine husema mabaharia wenye uzoefu watatengeneza njiani. Tunatengeneza njiani, ndiyo, kwa sababu hatuna la kufanya, tukiwa tumelowa, tukiwa na usingizi, kwa vifaa pungufu, na kila saa inayotumika chini ya sitaha ni saa ambayo jicho moja limepungua juu. Uzoefu wetu ni wa kukabiliana na bahari. Kuugeuza kuwa nyongeza ya kazi ambayo karakana imeshalipwa ni unyonyaji.

Mafundi nao wasijifiche nyuma ya mwenye chombo. Fundi anapoona kwamba siku haitoshi, anapaswa kusema hivyo kwa maandishi na mapema, badala ya kuongeza vijana wa usiku wasioujua mfumo na kufunga vifuniko juu ya kazi isiyokaguliwa. Nimeona bomba la vali mpya lililofungwa kwa kibano kimoja mahali panapohitaji viwili, tena chini ya mstari wa maji, ambapo bomba likichomoka chombo hujaa kwa kasi ambayo pampu ndogo ya ngamani, yaani ya kutoa maji chini kabisa ya chombo, haiwezi kuifikia. Kibano cha pili kilikuwa kwenye kisanduku chao. Kilichokosekana ni dakika chache na mtu wa pili wa kupitia kazi ya wa kwanza.

Ninachodai ni hiki, na ninawataka wenye vyombo walio humu wakijibu bila kuzunguka. Malipo ya mwisho ya matengenezo yasitolewe mpaka chombo kimetoka nje ya bandari, injini imekimbizwa kwa nguvu zote kwa muda wa kutosha, usukani umezungushwa hadi mwisho pande zote mbili kikiwa katika mwendo, tanga limetwekwa, dira imepimwa, na vifuniko vimefunguliwa tena kukagua kila kiungio kilichoguswa. Fundi aliyefanya kazi awemo ndani siku hiyo, na vifaa vyake. Orodha ya vyote vilivyofunguliwa iandikwe na kutiwa saini. Tarehe ya kuondoka itangazwe baada ya hapo, na nahodha akisema bado, iwe bado.

Wale ambao wamewahi kuingiza sharti la majaribio ya baharini katika mkataba wao na karakana, naomba mliweke hapa neno kwa neno, mkiondoa majina, pamoja na namna karakana ilivyolipokea. Nahodha wetu anaandaa mkataba mpya wa chombo hiki hiki, na safari hii amekataa kukabidhi funguo kabla sharti hilo halijaandikwa.