Mashine za kuchomelea za "300A" zenye plagi ya pini tatu: tunaibiwa mchana kweupe

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Salamu mtazikuta chini.

Boksi la kubeba begani, plagi ya 13A, ubavuni pamebandikwa "MMA-300" (MMA ni uchomeleaji wa rodi, 300 ndiyo ampea). Ampea 300 zinatoka wapi? Tupige hesabu, maana hesabu haina duka.

Volti za moto wa rodi ni 20 + (0.04 × ampea). Tuache 300, ukitaka hata ampea 250 tu ni volti 30, yaani wati 7,500 kwenye ncha ya rodi. Mashine nayo inakula chake, tuseme ufanisi ni 85%, na inveta (mashine hizi nyepesi za kielektroniki) ikiwa ya bei rahisi, pawa fakta yake (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) inacheza kwenye 0.7. Ukutani inabidi ivute karibu ampea 55 kwenye 230V. Kwa plagi ya fyuzi ya 13A! Geuza hesabu: hizo 13A zinakupa moto wa ampea 80 hivi, yaani rodi ya geji 12 (2.5mm), basi. Geji 10 (3.2mm) inataka 90 hadi 130, na ukifika 120 ukutani inavutwa kama ampea 22. Ndiyo maana plagi inanuka, inageuka kahawia, kisha inayeyukia kwenye soketi, na muuzaji anakwambia "umeme wenu mdogo".

Displei nayo isikudanganye. Kwenye nyingi ya hizi inasoma ulipozungusha kitufe, haipimi chochote. Ukitaka ukweli funga klampu mita (kipimo cha ampea kinachoubana waya) kwenye waya wa holda, yaani kishikio cha rodi, huku mtu anachomelea, na iwe inayosoma DC, maana moto wa mashine hizi ni DC. Ile ya AC tupu haitakuonyesha kitu.

Kabla hujatoa hela, geuza mashine usome kibati cha nyuma. Tafuta I1max na I1eff (ampea za ukutani) na X (muda wa kazi ndani ya dakika 10). X ya 60% kwa ampea 120 maana yake dakika 6 kazi, 4 inapumua. Ukitaka mfululizo shuka hadi 93. Kibati kikiwa kitupu au hakipo, rudisha boksi kwenye shelfu.

Halafu nyaya! Kumeandikwa 16mm², ukikwangua uzi mmoja kwa kisu ndani ni mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Klipu ya ethi (ile inayobana chuma unachochomelea) ni bati lililokunjwa, springi haibani. Watu wanapeleka mashine kwa fundi kumbe rodi inaganda kwa sababu ya klipu iliyobanwa juu ya rangi. Kwangua chuma king'ae, badilisha klipu na nyaya, ndipo ulaumu saketi.

Haya, wanaouza waje wajitetee.

#2 Cheche Tupu
Mkuu umesema kweli ila mafundi nao tujisute. Mtu ana ekstensheni ya mita 30, waya 1.5mm², tena imezungushwa kwenye kibiringi chake. Ukinzani wa kwenda na kurudi ni kama omu 0.7, kwa ampea 20 umeshapoteza volti 14 njiani, na kibiringi kinapika kama sufuria. Tumia 4mm², ikunjue yote. Na jenereta ya 2.5kVA achaneni nayo: moto wa 120A unataka 5kVA, tena bila akiba.

#3 Geji Kumi
Mimi niongelee zinazokufa, maana kila siku ni "imezima tu".

Taa ya njano ikiwaka baada ya kazi, ni joto. Usizime, acha feni izunguke dakika 15. Ikiwaka mashine ingali baridi, tatizo lipo ndani. Chomoa umeme, weka maltimita kwenye alama ya daiodi, pima matundu mawili ya mbele yanapochomekwa nyaya za kuchomelea: waya mwekundu kwenye hasi, mweusi kwenye chanya. Daiodi nzima za kutolea moto zitasoma 0.2 hadi 0.4 hivi. Ikisoma sifuri huku na huku, zimeshoti.

Ikidondosha breka papo hapo unapowasha, shuku brijirektifaya (inayogeuza AC ya ukutani kuwa DC) au IGBT (swichi za kielektroniki zinazokatakata umeme ndani ya mashine). Usiendelee kuijaribu moja kwa moja! Iunge kwa mfululizo na balbu ya kizamani ya wati 100. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikimulika kidogo halafu ikafifia, kapasita (zinazohifadhi umeme ndani) zimejaa na upande wa kuingiza umeme una uhai.

Ikiwaka vizuri lakini inazima kila ukigusisha rodi, angalia relei ya kuanzia (swichi inayofunga yenyewe mashine ikishawaka). Ikishindwa kufunga, mkondo wote unapitia kikinza kidogo kilichowekwa kwa ajili ya kuwashia tu, utakikuta kimeungua.

Na jamani, zile kapasita zinabeba 325V baada ya kuchomoa. Subiri dakika 5, pima, kisha zimwage kwa balbu ya wati 60. Mnaozipiga shoti kwa bisibisi mnatafuta upofu.

#4 mwanzisha uzi
Geji Kumi ongezea: IGBT moja ikifa, badilisha zote kwa pamoja na ukague vikinza na zena (daiodi za kuzuia volti kuzidi) za geti, yaani mguu unaoiwasha na kuizima IGBT. Ukiweka moja mpya kwenye draiva (saketi inayoiendesha geti) mbovu, inapasuka dakika hiyo hiyo, na fundi anakulipisha mara mbili. Spea feki nazo zimejaa.

#5 Cheche Tupu
Vumbi la grainda hamjalisema. Feni inalivuta, linatulia juu ya bodi, siku ya unyevu linapitisha umeme. Kila mwezi fungua kifuniko, puliza kwa kompresa yenye hewa kavu, na shikilia feni isizunguke wakati unapuliza.

#6 mwanzisha uzi
Bado nasubiri muuzaji hata mmoja aje na kibati chenye I1max ya 55.