Kiingereza cha mapokezi: baada ya "and" nirudie "you can" au niache? Naomba ushauri

Bibi_Zamu
Habari za jioni wanajukwaa. Nipo mapokezi kwenye nyumba ya wageni huku Jambiani. Meneja anataka tuandae meseji za kuwatumia wageni WhatsApp, ili atakayekuwa zamu awe anakopi na kutuma tu. Nimeziandika, mwenzangu wa usiku kazipitia na wino mwekundu, na sasa hatusikilizani. Yeye anasema "you" na "can" zangu zimejaa kupita kiasi. Mimi nasema zake anazikata mpaka mgeni hajui nani anafanya nini. Tuamueni:

"You can leave your bags here and you can go to the beach." Kafuta "you can" ya pili.

"I will call the driver and will come at 8." Hivi ndivyo alivyoiacha yeye. Mimi nilikuwa nimeweka "he will come".

"You must not pay today, you can pay tomorrow." Hapa tumekubaliana.

"Please call us so that we open the gate." Hii nayo haina ugomvi.

"You cannot smoke and cook in the room." Hii pia.

Naomba maelezo mepesi jamani, shule nilishaiaga.

Kitumbua
Natandika mkeka hapa nawasubiri walimu. Ila hiyo ya malipo itumeni hivyohivyo, halafu mje mtuambie kama mmelipwa.

Chaki_Nyeupe
Dada, nafundisha Kiingereza sekondari. Zile mnazogombania zina nafuu. Mlizokubaliana ndizo zitakazowaletea balaa.

Tuanze na ugomvi. Sisi mtendaji tunambeba ndani ya kitenzi. "Nitampigia dereva na atakuja saa mbili": ile a- imeshamtaja dereva, hakuna wa kuuliza ni nani. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi mtu namna hiyo, kwa hiyo kiwakilishi lazima kisimame chenyewe, na kiunganishi ndicho kinachoamua kama kirudiwe au la. Mtendaji akiwa yuleyule na "can" ikiwa ileile, "and" inakuruhusu kuviacha vyote viwili, kitenzi cha pili kikabaki kitupu: "You can leave your bags here and go to the beach." Usiseme "and to go". Najua "na kwenda" inakuvuta huko, ikatalie. Hapo mwenzio kapatia. Yako si kosa, nzito tu.

Kuna mahali kurudia kunapendeza: unapompa mgeni njia mbili achague. "You can wait here, or you can go to the beach." Ukirudia, kila njia inasimama peke yake na mgeni anaona kweli ana hiari.

Ya dereva umeshinda wewe. Mtendaji amebadilika, kutoka wewe kwenda dereva, basi "he" haiepukiki. Alivyoandika mwenzio, mgeni ataelewa kwamba utakayekuja saa mbili ni wewe.

Sasa malipo. "You must not pay today" maana yake ni marufuku kulipa leo. Nadhani mlikusudia "si lazima ulipe leo", na hiyo ni "You don't have to pay today." Mtego wake ni huu: kwenye kukubali, "you must pay" na "you have to pay" zinakaribiana sana. Ukizikanusha zinaachana kabisa, moja inakataza na nyingine inaondoa ulazima tu. Kwa hiyo: "You don't have to pay today, but you must pay before you leave." Hiyo "but" ifanye kazi yake, na baada yake andika "you must" kamili, maana kitenzi kisaidizi kimebadilika, kutoka "have to" kwenda "must", hata kama mtu ni yuleyule.

Mtoro_wa_Baridi
Nipo Leeds, nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa. Naunga mkono. Huku ukiona "must not" ukutani ujue hapo hakuna mjadala.

Niongezee ya geti. "Ili tufungue geti" imekamilika kwetu, ile -e ya mwisho imeshabeba kusudi. Kiingereza cha kila siku hakina -e hiyo, kwa hiyo baada ya "so that" wanaweka "can": "Please call us so that we can open the gate." Kwa mdomo hata "that" wanaiangusha: "Call us so we can open the gate." Habari ikiwa ya jana, inageuka "could": "He called us so we could open the gate." Hii ilinisumbua muda mrefu kuliko zote, kwa sababu kwenye Kiswahili hakuna neno la kuweza pale, hivyo hata wazo la kulitafuta halikujii. Ongea polepole ili nielewe: "Speak slowly so I can understand." Ukizoea huo mmoja, "ili" zako zote zitanyooka.

Dagaa_Mchele
Mbona ya sigara mmeiruka? "You cannot smoke and cook" inaweza kusomeka kwamba kinachokatazwa ni kuvifanya vyote pamoja. Fikirieni "You cannot drink and drive." Kunywa ruhusa, kuendesha ruhusa, kuchanganya ndio kesi. Mgeni mjanja atavuta mchana na kupika usiku, na ukimfuata anakuonyesha meseji yako. Ukishakanusha, weka "or": "You cannot smoke or cook in the room."

Bibi_Zamu
Ahsanteni sana, mwenzangu hii thread ataletewa mezani. Nina nyingine zilizobaki. Dereva wetu mmoja ni mwanamke, je "he" ibaki? Halafu hizi: "Although we cannot cook lunch, but we can order it for you" na "If the boat will be late, we will wait for you."

Chaki_Nyeupe
Kama hujui atakuja nani, Kiingereza kinaruhusu "they" kwa mtu mmoja, na si mtindo wa juzi, upo tangu karne ya 14. Ila kwenye meseji fupi mgeni anaweza kudhani wanakuja madereva wawili. Mimi ningeandika "I will call the driver, who will come at 8." Umekwepa "he" na "she" kwa mpigo.

"Although" na "but" chagua moja. Kwetu "ingawa... lakini" hupita, kwao mmoja anatosha.

Ya boti ina njia nzuri. Waza kwa -ki-: "boti ikichelewa, tutakusubiri." Ndani ya "ikichelewa" hakuna -ta-. Kiingereza nacho hakiweki "will" hapo: "If the boat is late, we will wait for you." Tatizo huanza ukiwaza "kama boti itachelewa". Na "when" ni vilevile: "When you arrive, we will call you."

Mtoro_wa_Baridi
Mwalimu, hapo nakupinga kidogo. Huku nasikia kila siku "If you will wait here, I'll get the nurse."

Chaki_Nyeupe
Ni kweli, na ni sahihi. Hiyo "will" ni ya hiari: ukiwa radhi kusubiri. Mtu anaombwa kwa adabu. Boti haiombwi radhi, inachelewa tu.

Kitumbua
Na mimi nidokoe. "Me and my colleague can help you" au "My colleague and I"?

Dagaa_Mchele
Mtoe mwenzio uone kinachobaki. "I can help you", basi "My colleague and I can help you." Lakini "Call me", basi "Call my colleague or me." Hapo "I" haingii hata ukijisikia msomi.

Mtoro_wa_Baridi
Mtaani huku "me and him" utaisikia mpaka uchoke. Kwenye meseji ya kazi fuata ya Dagaa.

Zamu_ya_Usiku
Nimeletewa mezani kweli. Kumbukeni ya kwanza nilipatia. Mbona hajawaonyesha "We can be able to help you and you will can check in early"?

Chaki_Nyeupe
"We can help you, and you will be able to check in early." "Can" na "be able to" hazikai pamoja, na "will" haimpokei "can". "You" ya pili iacheni hapohapo, mtendaji kabadilika.

Bibi_Zamu
Ile niliikopi kwenye meseji zake za mwaka jana.