Huyu fundi wa kunyanyua pikapu leo kanimaliza kabisa

Wakuu, jina sitaji. Mnamjua. Yule mwenye gereji chini ya mwarobaini, anayemwita kila mtu bosi mpaka amlipe. Nusu ya pikapu zilizonyanyuliwa mjini hapa zimepita mikononi mwake. Nusu nyingine Mungu kaziepusha.

Nina Hilux LN106, ile ya injini ya 3L, springi za majani mbele na nyuma. Mzee, lakini hajawahi kunidai kitu zaidi ya dizeli. Nikampelekea: ninyanyulie inchi 4, nivalishe tairi za 33, masika haya naenda Malinyi. Kakaa nayo wiki 3. Ilivyotoka, mawingu yanaanzia kwenye bodi. Mama mkwe kapanda kwa ngazi ya kuezekea nyumba, ncha ya kanga kaing'ata. Stelingi nayo ya meli, ukikata kulia leo inaitikia kesho.

Tumevuka Ifakara, tope hilo. Nikashuka kwa mbwembwe, nikafunga loki za tairi za mbele, nikavuta gia ya foo wili, nikamwambia mama shika vizuri. Tairi za nyuma zinachimba kisima. Za mbele zimetulia kama wageni waalikwa. Nachungulia uvunguni: PROPELA SHAFTI YA MBELE, ile fimbo ya kuzungusha tairi za mbele, HAIPO! Iko nyuma kwenye bodi, chini ya turubai, imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Nikampigia, nimeweka spika, bodaboda wote wamenizunguka. Anajibu huku anatafuna kitu:

"Bosi, ulisema unataka ipande juu. Hukusema unataka iende."

HUKUSEMA UNATAKA IENDE. Wakuu! Bodaboda mmoja alikaa chini kwenye tope kwa kucheka. Tumevutwa na pawatila, kile kitrekta cha mkono. Pawatila, yenye magunia ya mpunga juu! Mama mkwe alishapakiwa kwenye boda kitambo, hakuniaga. Na mpaka sasa naandika hapa nasikia tu ile sauti, hukusema unataka iende.

Kokoto: Kisheria fundi yuko sahihi. Ulisema?

Mzee wa Chasisi: Ameitoa kwa sababu ukinyanyua hivyo propela inakaa mshazari, krosi, vile viungo vyake vya kujikunja, zinagonga. Badala ya kurekebisha, kaondoa kelele. Hebu angalia mbele kama kaweka bloku kati ya springi na ekseli. Mbele bloku haziwekwi, ukishika breki ekseli inataka kujizungusha. Mbele unabadilisha springi zenyewe. Na hiyo stelingi inadai kabari za kurudisha kasta, ule mlalo wa ekseli unaofanya stelingi itulie.

Mleta uzi: Nimeangalia. Bloku zipo. Za MBAO.

Kokoto: 😂😂😂 Mninga au mkangazi?

Dada Dizeli: Mpira wa breki je, alirefusha? Wangu aliuacha ule ule, umekazika kama waya wa kuanikia nguo. Halafu kwa tairi hizo mita ikisoma 80 ujue unakimbiza kama 90. Polepole, kaka.

Mleta uzi: Dada nashukuru, ila mtu kaniambia HUKUSEMA UNATAKA IENDE. Hapo mita inanisaidia nini?

Tumbo la Punda: Afadhali wewe. Mimi huyo huyo aliniwekea snoko, lile bomba la kuivutia injini hewa kutoka juu ili isinywe maji. Ninavuka mto kifua mbele, injini ikanywa maji katikati. Kumbe fenda hakuitoboa! Snoko imebandikwa kwa skrubu, haijaungwa na kitu. Pambo. Nikamuuliza, akasema "si ulileta picha, bosi? Imefanana."

Dada Dizeli: Imefanana!! Nimekufa.

Mzee wa Chasisi: LN106 ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na tairi nyembamba zenye meno, Malinyi inafika. Mnaharibu magari kwa ajili ya picha.

Foo Wili: Ungenunua Land Cruiser haya yote yasingekukuta.

Kokoto: Nitumie hela basi.

Tumbo la Punda: Land Cruiser ipi? Ya shemeji ilizama pale pale ikavutwa na ng'ombe. Mzito akizama kazama.

Foo Wili: Dereva ndiye alizama. Noah ya abiria inapanda Lushoto kila siku, watu 11 na kuku.

Dada Dizeli: Lushoto ni lami, kaka.

Foo Wili: Ukivuka Lushoto kwenda Mlalo je?

Mleta uzi: Jamani huu uzi ulikuwa wa fundi.

Mzee wa Chasisi: Mlalo kwa Noah sawa, ila kiangazi. Masika sikubali.

Mgeni wa Kimara: Samahani wakuu, nimeingia sasa hivi. Hiyo propela shafti iliyoko kwenye bodi inauzwa?