Tupeane uzoefu: vikao vya historia ya vita vya Kabalega vimewaachia nini?

Mwalimu wa Hoima
Wapendwa, Jumamosi tulikaa chini ya mwembe, wazee kwenye mikeka, watoto wa darasa la sita mbele. Mada ilikuwa vita vya Omukama Kabalega, mfalme wetu wa Bunyoro hapa Uganda, na Waingereza, 1894 hadi 1899. Mzee mmoja alisimulia njaa ya miaka ile kama alivyoipokea kwa bibi yake: mashamba yamechomwa, maghala yamechomwa, watu wanachimba mizizi porini. Akafika kwa mtoto aliyeachwa njiani. Akataja jina la yule mtoto, akanyamaza. Watoto wakageuka kunitazama mimi. Sikujua la kusema, nikapiga makofi, nao wakapiga. Najuta mpaka leo. Nyinyi yamewakuta yapi?

Akiiki wa Masindi
Pole sana, Mwalimu Amooti. Kwetu pia wazee wakilia, hulilia njaa. Risasi wanazisimulia macho makavu.

Msomaji wa Wobulenzi
Mimi ni Muganda, mtu wa Buganda. Kikao nilichohudhuria, msemaji alirudia "Waganda walichoma" mpaka nikashindwa kuinua uso. Ni kweli jeshi la Kanali Colvile, Mwingereza, lilijaa watu wetu, jemadari Kakungulu akiwemo. Lakini amri ilitoka kwa nani?

Mjukuu wa Buyaga
Na ardhi ilikwenda kwa nani, ndugu yangu? Buyaga na Bugangaizi, kaunti zetu walizopewa Buganda, tulizipata tena kwa kura ya Novemba 1964. Miaka sabini! Kaunti nyingine hazijarudi hadi leo, na makaburi ya wafalme wetu yamo humo.

Msomaji wa Wobulenzi
Sijakataa. Nauliza tu kama mtoto wangu naye alipe.

Akiiki wa Masindi
Jamani, mzee wa Amooti amelia, nyinyi mnagombea mipaka.

Mama Nubi
Nilikuwa napita tu, ila hayo ya kulipa yamenigusa. Nimeolewa Hoima. Jirani alinialika tukaenda na kikao chao Katasiha, kwenye ngome aliyojenga Colvile 1894. Tukasimama ukingoni mwa handaki, majani yamefika kiunoni. Kiongozi akasema kila mtu ataje ukoo wake. Nilikuwa wa nne. Nilitamani kudanganya, Mungu anisamehe, jina la ukoo wa mume wangu lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema kweli: mimi Mnubi, babu wa babu yangu alikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, wale ambao Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua kule Ziwa Albert mwaka 1891 akawapanga kwenye ngome za huku.

Mama mmoja alikuwa amenishika mkono tangu tuliposhuka kwenye gari, maana njia ilikuwa na utelezi. Vidole vyake vikafunguka, kimoja, kingine, mpaka mkono wangu ukabaki peke yake. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Kijana mmoja akasema, "Kumbe handaki hili mlichimba nyinyi." Nikajibu, huenda. Nikawaeleza wale askari walivyolipwa kidogo, walivyotembezwa bila kupumzika mpaka wakaasi 1897, na kwamba wapo waasi waliovuka Nile wakaungana na Kabalega na Mwanga, kabaka wa Buganda aliyekuwa ameasi. Sikuwa namsafisha babu. Nilitaka wajue naye alikuwa mtu wa kuamrishwa. Mzee wao akaniuliza empaako yangu, lile jina la heshima la Wanyoro kama Amooti au Akiiki. Nikasema sina. Akasema, "Basi wewe ni Abwoli."

Yule mama tulikaa naye kiti kimoja mpaka mjini. Hakusema neno, nami sikusema.

Mjukuu wa Buyaga
Mama Abwoli, nimesoma mara tatu.

Mlinzi wa Mila
Samahani, empaako ina utaratibu wake, familia hukaa, chakula huliwa. Haigawiwi shimoni.

Akiiki wa Masindi
Wageni wangapi tumewapa barabarani? Mwacheni mama na jina lake.

Kijana wa Dokolo
Nanyi wa Bunyoro mkisimulia, mkifika mto Nile mnaruka. Kabalega alihifadhiwa kwetu Lango, ng'ambo ya mto. Alikamatiwa kwetu Kangai, 9 Aprili 1899, amepigwa risasi mkononi, yeye pamoja na Mwanga. Bibi zetu nao wana yao. Hakuna aliyewahi kuja kuwauliza.

Mtu wa Amuru
Sisi Waacholi tuna vita vya Lamogi, 1911 na 1912, Waingereza walipokuja kutunyang'anya bunduki. Watu walijificha mapangoni milima ya Guruguru, kuhara damu kukawamaliza. Ushauri wangu: msirekodi siku ya kwanza. Simu ikitoka mfukoni, mzee anafunga mdomo.

Mjukuu wa Buyaga
Nakataa. Wangu nilisubiri siku ya pili, nikamkuta amezikwa. Rekodi!

Mlinzi wa Mila
Wapeni chai na mihogo kwanza. Na watoto wasiwepo.

Msomaji wa Wobulenzi
Watoto wawepo. Sisi tulifichwa, ndiyo maana leo tunarushiana maneno hapa.

Mwalimu wa Hoima
Nimerudi kwa yule mzee jana jioni. Sikubeba simu. Nikamwomba msamaha kwa makofi, akasema hakuyasikia, alikuwa mbali. Akanitajia tena lile jina, polepole, nikaliandika kwenye daftari. Kumbe mtoto alikuwa dada wa bibi yake. Jumamosi ijayo tunakwenda Mparo, kwenye kaburi la Kabalega. Mama Abwoli, ukipenda njoo. Kijana wa Dokolo, ukileta bibi mmoja, nauli yake ni juu yangu.

Mama Nubi
Yule mama wa Katasiha atakuwepo?

Mwalimu wa Hoima
Hakosi.

Mama Nubi
Nitakuja.